Betri Haishiki Chaji: Kuitafuta Kasoro Kabla ya Kununua Kitu

Kwenye steji nyingi za Kisumu, kuanzia Kondele hadi Mamboleo, pikipiki ikigoma asubuhi hukumu hutolewa papo hapo: betri imekufa, nunua nyingine. Betri mpya inawekwa, stata inazungusha injini vizuri, kila mtu anaridhika. Wiki chache zikipita honi inaanza kukoroma, indiketa zinawaka kwa uvivu, halafu siku moja stata inalia tiki-tiki na kunyamaza. Mwenye pikipiki anaambiwa alinunua betri feki. Kuna wakati hilo ni kweli. Lakini mara nyingi betri ile haikuwa na kosa: ilikuwa haipati umeme wa kutosha, au inapewa kupita kiasi, au kuna kitu kilikuwa kikiinyonya usiku kucha.

Ugonjwa wa chaji huonekana kwanza kwenye betri hata kama umeanzia kwingine. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio mmoja, na nausisitiza kwa sababu watu wa bodaboda wanapoteza pesa nyingi kwa kuugeuza: pima kwanza, kisha anza na vitu visivyokugharimu chochote. Betri, halafu nyaya na soketi, halafu rektifaya, na koili iliyo ndani ya injini iwe ya mwisho. Ukianza na kununua, unaweza kubadilisha vipuri vitatu vizima na kasoro ikabaki palepale kwenye bolti moja yenye kutu.

Umeme unapita wapi

Ndani ya kifuniko cha magineto, ambacho kwa pikipiki nyingi kiko upande wa kushoto wa injini, kuna koili iliyofungwa isizunguke, na gurudumu la sumaku linaloizunguka. Injini ikikimbia, koili hutoa umeme wa mawimbi, yaani AC, na volti zake hupanda kadiri mizunguko inavyoongezeka. Umeme huo huenda kwenye rektifaya, kile kisanduku cha alumini chenye mapezi. Rektifaya ina kazi mbili: kuugeuza umeme uende upande mmoja tu, yaani DC, ili ufae betri, na kuuzuia usipande kupita volti 14 na nusu hivi. Kutoka hapo umeme hupitia fyuzi na kuingia kwenye betri.

Kuna jambo la kujua kuhusu pikipiki yako kabla hujagusa waya wowote. Kwenye pikipiki ndogo nyingi, taa kubwa ya mbele hailishwi na betri. Hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili. Utaitambua kwa urahisi: injini ikizimwa taa hiyo haiwaki hata ukiwasha swichi, na injini ikinguruma taratibu taa hufifia, ukiipiga resi inang'aa. Kwenye pikipiki nyingine kila taa hutegemea betri. Mifumo hii miwili huugua kwa namna tofauti, na fundi asiyeuliza hili mwanzoni anaweza kukuzungusha siku nzima.

Kifaa unachohitaji ni mita ya dijitali ya kawaida, ile ya kupima volti, ampea na omu (ukinzani wa waya kwa umeme). Ya bei nafuu inatosha mradi waya zake zisiwe zimelegea. Kwa betri iweke kwenye V yenye mstari ulionyooka, kiwango cha 20. Kwa koili iweke kwenye V yenye alama ya wimbi, kiwango cha 200. Usivute sigara karibu na betri inayochajiwa kwa sababu inatoa gesi inayolipuka. Na usiondoe betri injini ikiwa inawaka. Wapo wanaofanya hivyo "kuona kama inachaji". Betri ikitoka, volti zinaruka, na kinachoungua kinaweza kuwa rektifaya, balbu au CDI, yaani kisanduku kinachotoa cheche ya plagi.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Cha kwanza ni cha asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha na hujaiwasha. Weka waya mwekundu wa mita kwenye ncha chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni kama nusu, na ikifika 12.0 imekaribia kuisha. Gusa ncha zenyewe za betri, si vichwa vya waya vilivyofungwa juu yake, maana kutu kati ya hivyo viwili inaweza kukudanganya.

Cha pili, mwambie mtu abonyeze stata huku wewe ukitazama mita. Volti zitashuka, hilo ni kawaida, lakini zisipite chini ya 9.6. Betri iliyosoma 12.6 ikiwa imepumzika kisha ikaporomoka hadi 7 au 8 kwa stata imechoka ndani, hata kama sura yake ni mpya.

Cha tatu ndicho cha chaji. Washa injini, ipashe moto dakika chache, kisha iongezee mafuta hadi sauti iwe kama ya pikipiki inayokimbia barabarani kwa mwendo wa kawaida. Pikipiki nyingi za Boxer hazina saa ya kuonyesha mizunguko, kwa hiyo sikio linatosha. Soma volti za betri. Mfumo usio na kasoro husoma kati ya 13.5 na 14.5. Washa taa zote, rudia. Zinaweza kushuka kidogo, lakini ukiongeza mafuta zibaki juu ya 13. Andika namba zote tatu kwenye karatasi. Kila utakachofanya baadaye kinategemea hizo.

Betri mbovu huharibu kipimo cha tatu. Ikiwa chemba moja imekufa, inazivuta volti chini na utadhani koili imeungua. Ikiwa imekauka ndani, volti zinaweza kupanda ovyo ukailaumu rektifaya. Kwa hiyo ikiwa betri imeshindwa kipimo cha pili, ichaji nje kwanza, au azima iliyo nzima kutoka kwa jirani wa steji, ndipo upime tena. Na kuchaji nje kuna kanuni yake: betri ndogo ichajiwe kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Ya ampea-saa 5 inataka nusu ampea, kwa saa kumi hivi. Ukiipeleka kwenye kibanda kinachochaji betri za magari na ikaunganishwa pamoja nazo kwa ampea nyingi, ikirudi itakuwa imechemka.

Volti hazipandi hata kidogo

Betri inasoma 12.4 injini ikiwa imezimwa, unaiwasha inasoma 12.3, unaipiga resi bado 12.3. Hakuna kinachofika kwenye betri.

Tazama fyuzi kwanza, na usiitazame kwa macho tu. Ichomoe uipime kwa omu, maana fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana. Kisha tafuta rektifaya na ufungue soketi yake injini ikiwa imezimwa. Waya unaotoka humo kwenda betri, ambao mara nyingi ni mwekundu, uwe na volti zilezile za betri. (Kwa pikipiki ambazo waya huo hupitia swichi ya funguo, washa funguo kwanza.) Ukisoma sifuri, waya umekatika njiani, na hujahitaji kipuri chochote.

Waya huo ukiwa mzima, geukia upande wa koili. Soketi ya rektifaya ikiwa bado imefunguliwa, zima swichi ya taa kubwa kabla ya kuwasha injini. Hili ni muhimu kwenye pikipiki ambazo taa hulishwa na koili: bila rektifaya hakuna kinachozizuia volti, na balbu itaungua mara moja. Washa injini, pima AC kwenye nyaya zinazotoka kwenye koili. Ukikuta nyaya tatu za njano, pima kila jozi, yaani ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Namba ziwe karibu sawa. Kwenye pikipiki nyingi za asili ya Kichina utakuta waya mweupe wa kuchaji, wa njano wa taa na wa kijani wa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye ncha hasi ya betri kupitia fremu. Hapo pima mweupe na kijani, kisha njano na kijani.

Unachotafuta ni volti zipande. Zikianza kama 15 injini ikinguruma taratibu kisha zikapanda hadi 40 au zaidi ukiongeza mafuta, koili inafanya kazi. Zikikwama chini hata uikazie mafuta, au jozi moja ikisoma nusu ya nyingine, kasoro iko upande wa koili au waya wake. Koili ikiwa nzima, waya wa kwenda betri mzima, athi nzima, na betri bado haipati kitu, basi iliyobaki ni rektifaya. Njia hii ya kuondoa moja baada ya nyingine naiamini kuliko kuipima rektifaya yenyewe kwa alama ya dayodi ya mita (dayodi ni vipande vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu). Kipimo cha dayodi kinaweza kukuonyesha rektifaya iliyokufa kabisa, lakini hakiwezi kukuhakikishia kwamba ni nzima, kwa sababu kuna zinazofeli zikipata moto tu.

Volti zinapanda, lakini hazifiki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Mita inasoma 12.9, labda 13.1 ukiikazia. Pikipiki inaonekana inachaji, kwa hiyo mtu hununua betri. Kwa kweli umeme unatengenezwa vizuri lakini unapotelea njiani, kwenye soketi iliyoungua au bolti ya athi iliyoota kutu. Omu za mita hazitakuonyesha hili, maana waya wenye nyuzi mbili zilizobaki kati ya ishirini unasoma omu nzuri tu hadi upewe kazi. Unatakiwa kuupima ukiwa kazini.

Fanya hivi. Betri na rektifaya zote zikiwa zimeunganishwa, injini ikikimbia na taa zikiwaka, weka mita kwenye volti za DC. Ingiza ncha nyekundu ya mita nyuma ya soketi ya rektifaya iguse waya mwekundu unaotoka, na ncha nyeusi iguse ncha chanya ya betri. Namba unayoisoma ni volti zinazopotea kati ya sehemu hizo mbili. Zisizidi 0.3. Sasa upande wa athi: ncha moja ya mita kwenye waya wa athi wa rektifaya, au kwenye mwili wake ikiwa athi yake ni bolti, na nyingine kwenye ncha hasi ya betri. Hapo pia zisizidi 0.3, na ikisoma 0.1 hapo pazuri zaidi.

Kuna mwendeshaji wa Ahero aliyeleta pikipiki yake mvua za masika zikiwa zimekolea, ile tope nyeusi ya Kano imeganda hadi chini ya kiti.

"Fundi, hii ni betri ya pili, na rektifaya nimeweka mpya. Bado inalala."

"Pole ndugu yangu. Rektifaya ya zamani iko wapi?"

"Nilitupa."

Betri ilisoma 12.9 injini ikikazwa. Upande wa chanya ulipoteza 0.1, hakuna shida. Upande wa athi ulipoteza volti 1.1. Jumlisha: rektifaya ilikuwa inatoa 14.1, namba nzuri kabisa, na zaidi ya volti moja ilikuwa inaishia kwenye bolti inayoshika athi kwenye fremu. Bolti ilipofunguliwa, kichwa cha waya kilikuwa cha kijani upande mmoja na cha rangi ya udongo upande wa pili, na kati yake na fremu kulikuwa na rangi ya kupuliza iliyowekwa pikipiki ilipopakwa upya. Msasa, bolti safi, grisi kidogo juu baada ya kukaza, na mita ikasoma 14.0. Rektifaya iliyotupwa karibu hakika ilikuwa nzima.

Ukikuta volti zinapotea, fuata waya kipande kwa kipande hadi uipate sehemu yenyewe. Sehemu za kushuku kwanza ni soketi ya koili na ya rektifaya. Soketi iliyopata moto huwa na plastiki ya rangi ya chai kuzunguka tundu moja, tundu hilo limepanuka, na ukiivuta inatoka bila kubana. Harufu yake unaitambua kabla hujaiona. Kuisafisha hakusaidii kwa muda mrefu, kwa sababu chuma cha ndani kikishapoteza kubana kitazidi kupata moto. Kata, weka soketi mpya yenye vichwa vinavyobana, au unganisha waya kwa waya kwa lehemu ya risasi na uivalishe mpira wa kujikaza kwa joto. Kusokota nyaya na kuzifunga tepu peke yake ni kupanda kasoro ya msimu ujao wa mvua.

Tazama pia pale nyaya za koili zinapotokea injini. Kwenye pikipiki nyingi hupita karibu sana na sproketi ya mbele na mnyororo. Tope likijaa ndani ya kifuniko cha sproketi husugua waya kila siku, na mnyororo uliolegea hukwangua gamba lake hadi shaba iguse chuma. Fungua kifuniko hicho, safisha, tazama. Nimeona injini zikifunguliwa kwa koili "iliyoungua" ilhali shaba imechunwa hapo nje, mahali pa kufikiwa kwa bisibisi tu.

Na ukiosha pikipiki kwa pampu ya nguvu, usielekeze maji chini ya kiti wala kwenye rektifaya. Maji yanayoingia kwenye soketi kwa nguvu hiyo hayatoki kwa urahisi.

Asubuhi inachaji, mchana inaacha

Unapima saa mbili asubuhi, 14.1. Unarudi alasiri baada ya kupanda mlima wa Kisian kwenda Maseno ukiwa na abiria na mzigo, unasoma 12.5. Kasoro inayokuja na joto ina washukiwa wawili.

Rektifaya ni wa kwanza. Inatoa joto kwa mapezi yake, na mapezi yanahitaji upepo. Iliyofichwa nyuma ya mfuko wa mvua, iliyojaa tope katikati ya mapezi, au iliyofungwa kwa waya ikining'inia badala ya kukazwa kwenye chuma, itapikika. Isafishe, ikaze mahali pake, ipime tena ikiwa ya moto.

Wa pili ni koili. Varnishi inayozifunika nyaya zake ikianza kuungua, nyuzi hazigusani zikiwa baridi, zikipata joto zinagusana. Kwa hiyo pima AC injini ikiwa baridi, uandike, halafu pima tena baada ya safari ndefu, mara tu unaposimama. Zikishuka sana upande wa koili, umeipata. Zikibaki vilevile, rudi kwa rektifaya.

Volti zinapita 15

Balbu zinaungua kila mara, betri imevimba mbavu, kuna harufu ya mayai yaliyooza chini ya kiti, au asidi imetapika na kula rangi ya fremu. Ukipima unakuta 15.5, 16, zaidi. Acha kuiendesha hadi uitengeneze. Chaji ya kupita kiasi huua betri haraka kuliko upungufu.

Mara nyingi rektifaya imeshindwa kuzuia. Lakini kabla ya kuibadilisha pima athi yake kwa njia ileile ya volti zinazopotea, kwa sababu rektifaya nyingi hupima volti kwa kulinganisha na athi. Athi ikiwa mbovu, baadhi huamini betri iko chini na kuendelea kusukuma. Zipo pia zenye waya mwembamba wa kupimia unaopitia swichi ya funguo; swichi iliyochakaa ikila volti moja, rektifaya inaongeza volti moja. Hapo ukiweka rektifaya mpya utapata 15.5 zilezile.

Kwenye pikipiki ambazo taa kubwa hulishwa na koili, balbu ya mbele inaweza kuungua kila wiki huku betri ikisoma vizuri kabisa. Rektifaya hizo huzuia pande mbili, wa betri na wa taa, na upande wa taa unaweza kufeli peke yake.

Chaji ni nzuri, asubuhi betri iko chini

Umepima 14.2 jioni. Asubuhi ni 11.9. Kuna kitu kinakula umeme pikipiki ikiwa imezimwa.

Toa funguo. Fungua waya hasi wa betri, weka mita kwenye ampea, tundu la 10A, kisha unganisha mita katikati ya ncha hasi na waya uliouondoa. Usibonyeze stata wala kuwasha funguo mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua. Pikipiki isiyo na kifaa cha ziada isome karibu na sifuri. Ukimaliza, rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti kabla hujapima kitu kingine.

Hesabu yake ni rahisi. Kifaa kinachovuta miliampea 50 hula ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 5 itakuwa tupu karibu siku ya nne pikipiki ikiwa imesimama. Kwa mwendeshaji anayefanya kazi kila siku hataona kitu. Aliyesafiri kwenda matangani Bungoma akaiacha nyumbani wiki nzima atakuta betri imekufa.

Chomoa kimoja kimoja huku ukitazama mita: king'ora, tundu la kuchajia simu, redio. Pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo mara nyingi ina kifaa cha kuifuatilia kilichofichwa. Hicho usikikate; mkataba wako unaweza kukukataza, na kukikata kunaweza kusomwa kama wizi. Ukishaona ndicho kinachonyonya kuliko inavyotakiwa, nenda kwa waliokiweka na namba mkononi uwaambie wakikague. Tundu la simu lililounganishwa moja kwa moja kwenye betri lihamishie kwenye waya unaokatwa na funguo.

Ukivichomoa vyote na mita bado inasoma, chomoa soketi ya rektifaya. Namba ikianguka hadi sifuri, dayodi ya ndani inavuja na kuruhusu umeme wa betri urudi kwenye koili. Hiyo rektifaya ibadilishwe.

Hakuna kasoro, ila matumizi yamezidi mapato

Vipimo vyote ni vizuri, hakuna kinachonyonya usiku, na bado betri inadhoofika polepole. Hapa lazima tuhesabu wati.

Koili ya pikipiki ndogo haina nguvu nyingi, na hiyo iliyonayo huitoa injini ikikimbia tu. Ikinguruma taratibu hutoa sehemu ndogo. Taa kubwa ya wati 35 peke yake huvuta karibu ampea 3. Ongeza taa mbili za LED za ziada, spika zinazopiga ngoma, simu za abiria na taa za urembo chini ya tangi, na mzigo unaipita koili. Wati zilizoandikwa kwenye taa za LED za sokoni usizitegemee. Pima ampea zake mwenyewe.

Kazi ya mjini inazidisha tatizo. Safari za kilomita mbili tatu kati ya Kondele na katikati ya mji, stata inabonyezwa kila mara, halafu kwenye steji injini inazimwa na redio inaendelea. Betri haipati muda wa kurudisha ilichotoa. Ikiwa kiki yako inafanya kazi, itumie asubuhi injini ikiwa baridi, maana hapo ndipo stata hula zaidi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni pikipiki zilizogeuzwa waya ili taa ya mbele iwake sawasawa hata injini ikinguruma taratibu. Taa iliyokuwa inalishwa na koili inahamishiwa kwenye betri. Usiku wa kwanza inapendeza. Ila upande wa koili unaochaji betri haukuongezwa nguvu. Ulitengenezwa kulisha indiketa, honi na taa ya breki, na sasa umetwishwa taa kubwa ya usiku mzima. Ukitaka kufanya hivyo kwa usalama, tumia balbu ya LED yenye ampea chache, kisha pima: injini ikikimbia na taa ikiwaka, betri ibaki juu ya 13. Isipobaki, rudisha waya kama ulivyokuwa.

Vipimo vikielekeza kwenye koili

Ukifika hapa huku umeshaondoa kila kitu kingine, fungua kifuniko. Kwenye injini nyingi koili iko ndani ya oili, kwa hiyo andaa chombo na gasketi mpya. Pima omu kati ya nyaya zake: kwa kawaida ni namba ndogo sana, sehemu ya omu moja hadi moja na nusu hivi. Gusanisha ncha za mita kwanza uone zenyewe zinasoma nini, kisha uondoe kiasi hicho.

Mtego mkubwa uko kwenye kipimo cha athi, yaani mita ikiwekwa kwenye mlio kati ya waya wa koili na chuma cha injini. Koili ya nyaya tatu za njano haitakiwi kuwasiliana na chuma hata kidogo. Mita ikilia, imeungua. Lakini koili nyingi za pikipiki ndogo zimefungwa upande mmoja kwenye athi tangu kiwandani, kwa hiyo mita italia na koili ni nzima. Koili nyingi nzuri zimetupwa kwa sababu ya mlio huo.

Itazame pia kwa macho. Nyaya nzima zina rangi ya shaba au kahawia inayong'aa, sawasawa pande zote. Miguu miwili mitatu, yaani yale meno yaliyozungushiwa nyaya, ikiwa imeiva nyeusi inaeleza yenyewe. Gurudumu la sumaku litolewe kwa pula yake, yaani kifaa cha kulivutia nje, lisigongwe nyundo, kwani sumaku zilizogundishwa ndani zinaweza kubanduka.

Kusuka koili upya kwa mafundi wa jua kali, pale Kibuye au kwingineko, ni jambo zuri fundi akitumia waya wa unene uleule, akahesabu mizunguko ileile, na akaipaka varnishi inayostahimili oili ya moto na kuioka. Muulize mambo hayo matatu kabla hujamwachia. Ukinunua mpya, nenda na ya zamani mkononi ulinganishe idadi ya miguu, rangi za nyaya na umbo la soketi. Rektifaya inayoingia kwenye soketi bila shida inaweza kuwa ya mfumo mwingine kabisa.

Ukifunga kila kitu, rudia vile vipimo vitatu kwa mpangilio uleule, na cha tatu ukirudie mara mbili: injini ikiwa baridi na baada ya safari ya nusu saa. Andika namba hizo na tarehe kwenye kipande cha tepu, ukibandike chini ya kiti. Chaji ikisumbua tena, utakayempelekea atajua ilikuwa inasoma ngapi ikiwa nzima, na hataanza kwa kubahatisha.